Mguu wa Mende na Treni ya Lobito

Kwetu Wachokwe mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Baba atalipa karo akizipata, atafoka akichoka, lakini likija jambo zito, iwe mahari, kesi au jeneza, watu huuliza: mjomba yuko wapi? Waliotuachia desturi hii walikuwa watu wa busara na mimi si wa kuwapinga. Ila nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyewaza kwamba siku moja jambo zito lingekuwa mende.

Mpwa wangu anasoma biolojia chuoni Lubumbashi. Wapwa wa wenzangu wakija likizo huja na mkate wa mjini, sukari, hata shati la kuvaa kanisani. Wangu alikuja na kisanduku. Ndani yake mna kikuza mawimbi, spika ndogo, betri ya volti 9, nyaya mbili zenye pini nchani, na tundu la kuunganishia simu. Chanzo chake ni Wamarekani wawili, Greg Gage na Tim Marzullo, walioanzisha Backyard Brains mwaka 2009 kwa sababu walichoshwa na jambo moja: ili usikie neva ikifanya kazi ilikubidi uwe na shahada kadhaa na maabara ya gharama kubwa. Wakaunda kisanduku cha mtoto wa shule, na michoro yake wakaiacha wazi, anayetaka kujiundia ajiundie. Mpwa wangu alijiundia. Na kwa kuwa alijiundia mwenyewe, kilifika kwetu Kasaji, huku Kongo, kimekufa.

Mimi ni fundi redio. Nikakifungua. Solda ilikuwa imemwagwa humo bila huruma, na kapasita moja imeinamia pasipoihusu. Kazi hiyo kwa mteja ina bei. Kwa mpwa bei yake ni "aksanti, Papa mjomba".

Betri nayo ikawa juu yangu. Hapo nilinung'unika kwa sauti, maana hizi betri za dukani hutengenezwa kwa manganizi, na manganizi iko Kisenge, majirani zetu kabisa, ililala chini miaka mingi baada ya njia ya reli ya kwenda Lobito kukatika kwa vita vya Angola. Sasa nanunua betri iliyotoka China, imepitia Dar es Salaam, imepanda lori hadi Kolwezi, imekuja Kasaji juu ya gunia la chumvi, ili niiweke kwenye meza iliyo jirani na mlima wa manganizi.

"Sasa kinafanya kazi," nikamwambia. "Kinasikiliza nini?"

"Mguu wa mende, Papa mjomba. Nahitaji vitu vitatu tu: mende, barafu na utulivu."

Vitatu tu! Anasema hivyo mtu aliyezaliwa hapa hapa, anayejua kwamba kati ya hivyo vitatu Kasaji inacho kimoja.

Mende tunao. Anayetakiwa ni yule mkubwa mwekundu, ambaye wataalamu humwita wa Marekani ingawa asili yake ni bara letu hili hili. Naye alipelekwa ng'ambo akarudi na jina la watu. Nikamwita mtoto wa jirani, nikamwahidi faranga 100 kwa kila mende mzima. Kabla jua halijazama ua wangu ulijaa watoto na makopo ya maziwa. Kesho yake bei ilikuwa imepanda. "Huyu ana sharubu ndefu, Papa, ni 200." Mmoja aliniletea chenene akaapa kwa jina la Yesu kwamba ni mende aliyenona. Mke wangu alisimama mlangoni amejishika kiuno, akawatazama wote, akanitazama mimi.

"Papa Chantal, hawa walikuwa bure jikoni kwangu tangu tuoane. Leo unawanunua?"

Sikuwa na jibu wakati ule, wala sasa sina.

Barafu ni habari nyingine. Mende lazima atiwe kwenye maji ya barafu mpaka atulie, asihisi kitu, ndipo mguu ukatwe. Kwa sayansi hiyo ni huruma, na mimi naikubali. Tena mende akiwa bado mchanga, mguu humwota upya anapojivua ganda. Lakini nani ana barafu Kasaji? Yuko mama mmoja mwenye friji la jenereta, muuza samaki tomsoni. Nilipofika akaniuliza barafu ni ya kinywaji gani. Nikamwambia ya mende. Alinihudumia kimya kimya, kwa upole ambao watu huwawekea wafiwa, akakataa hata chenji. Barafu yenyewe ilinuka samaki. Mende hakulalamika.

Basi usiku ule tukakaa mezani. Mpwa akakata mguu kwa wembe, karibu na mwili, akauweka juu ya kipande cha kizibo, akachoma pini moja juu na moja kwenye paja. Akawasha. Spika ikatoa mvumo wa redio iliyopotea stesheni, nikataka kumwambia aende zake akalale. Kisha akachukua kijiti cha meno akagusa mwiba mmoja kwenye muundi wa ule mguu. Krrrr! Akaacha: kimya. Akagusa: krrrr! Mwenye mguu alikuwa kwenye kopo lingine, anazinduka, hana habari kwamba mguu wake unaongea.

Nimefungua redio nyingi maishani na sishtuki ovyo, ila hapo nilivuta kiti karibu. Mpwa alinieleza kwamba Mwingereza Edgar Adrian alisikia hivi hivi miaka ya 1920. Alikuwa ameunganisha neva ya jicho la chura na spika, chumba kikiwa na giza, akashangaa kelele zinakuja na kuondoka zenyewe. Mpaka alipogundua kwamba kila akitembea chumbani, spika inalia: chura alikuwa anamtazama. Mwaka 1932 akapewa Nobel pamoja na Charles Sherrington, kwa kazi ya neva. Nilimuuliza mpwa kama mjomba wa Adrian naye alipata chochote.

Kumbe kusikia hakukutosha. Kusikia ni kwa watoto wa shule. Chuoni wanataka maumbo. Kila mpigo wa neva una umbo lake la wimbi, linashuka, linapanda, linatulia, yote kwa muda wa elfu moja au mbili ya sekunde, na niuroni tofauti huacha maumbo tofauti kwenye pini ile ile. Ukiyakata mawimbi hayo moja moja kutoka kwenye rekodi ukayapanga, unaweza kusema: hii mipigo ni ya niuroni huyu, na hii ya mwenzake. Kwa njia hiyo mwaka 2005 Rodrigo Quian Quiroga na wenzake waliripoti niuroni ndani ya kichwa cha mgonjwa iliyoamka kwa picha za Jennifer Aniston, mwigizaji wa Marekani, na kuwapuuza watu wengine maarufu. Nina hakika vichwani mwetu hapa iko ya Franco, mwanamuziki wetu, ila hakuna aliyekuja kuitafuta.

Sasa hesabu. Simu inarekodi namba 44,100 kila sekunde. Dakika 10 za mguu wa mende ni namba zaidi ya milioni 26. Nchi hii haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984, lakini mguu wa mende wa Kasaji umehesabiwa mpaka tarakimu ya mwisho. Na mpwa aliniambia nishukuru, kwa sababu siku hizi kuna sindano iitwayo Neuropixels, iliyotolewa 2017, yenye njia 384, kila njia ikichukua namba 30,000 kwa sekunde. Nikapiga hesabu pembeni ya gazeti: ni gigabaiti 80 na ushee kwa saa moja. Kwa bei ya mega za hapa, kutuma saa moja ya ubongo wa panya kwenda Lubumbashi ni gharama ya kumwoza binti, na panya mwenyewe hajaalikwa.

Tuje kwenye kelele. Profesa wake alimwonya mapema ajihadhari na mvumo wa umeme wa ukutani, ule wa hezi 50. Ulaya na mijini kila ukuta una nyaya, nyaya zinavuma usiku na mchana, na mvumo huo unaingia kwenye pini na kuifunika neva. Watafiti wenye pesa hujenga vizimba vya chuma, vya Faraday, wakaingiza humo mnyama na meza. Mpwa akaniuliza kwa wasiwasi tutapata wapi kizimba.

Nikacheka mpaka nikakohoa. Kizimba cha nini? Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye mto wetu Lualaba tangu miaka ya 1950. Njia ya umeme kutoka Inga, kilomita 1,700 hivi, inafika Kolwezi tangu 1982. Yote hayo yalijengwa kwa ajili ya migodi. Mtaani kwangu hakuna hezi 50, hakuna hata hezi moja. Tulipoangalia rekodi ya kwanza, mstari ulikuwa umenyooka, safi, wa kupendeza. Maabara za watu zinatumia maelfu ya dola kupata giza tulilopewa sisi bure.

Tukajisifu mapema. Jirani yangu mwenye kinu cha mihogo akawasha jenereta. Na jenereta la jirani halijui hata 50 ni ngapi: kinu kikila mihogo mikavu linashuka 46, kikibaki kitupu linaruka 53. Mpwa alikuwa na kichujio maalumu cha kukata hezi 50 peke yake, alichofundishwa darasani, kikakata hewa. Ilibidi aweke chujio pana, linaloondoa kila kitu kilicho chini ya hezi 300 na kila kitu kilicho juu ya elfu kadhaa, kwa sababu mpigo wa neva una mwendo wa haraka na jenereta lina mwendo wa polepole. Hapo jenereta likapotea. Mstari ukanyooka, na mipigo ikasimama wima juu yake.

Kila saa na nusu kompyuta ya mpwa ilikufa. Betri yake ina kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka nchi hii, na sehemu yake kubwa inatoka huku kwetu Lualaba, na mimi nilitembea na kompyuta kwapani kwenda kwa kijana mwenye paneli za jua, ambaye alitoza chaji ya simu tatu kwa sababu "hiyo ni simu ya baba yao". Niliposaga meno mpwa akaniliwaza kwa habari kwamba mwaka 1972 watafiti walichoma kobalti ndani ya niuroni za mende, ikawaonyesha matawi yote ya seli chini ya hadubini. Kwa hiyo mende amefaidika. Shaba yetu, kwa upande wake, haitakiwi kabisa: ni sumu kwa seli za ubongo, na wanaochoma sindano humo wanatumia tungsteni, kama alivyofanya David Hubel mwaka 1957. Shaba ya Kolwezi imeingia kila mahali duniani isipokuwa kichwani.

Baada ya kuchuja kunakuja kizingiti, na hapa ndipo ugomvi wangu na sayansi ulipoanza. Kompyuta haioni mipigo. Inaona namba zinazopanda na kushuka, na lazima mtu aiambie: chini ya mstari huu ni kelele, juu yake ni neva. Nani anauweka mstari? Kijana yeyote aliyechimba Kolwezi anajua swali hili. Unafika depo na gunia la kobalti ulilolitoa shimoni kwa mgongo wako. Mnunuzi anagusisha juu yake kile kimashine ambacho wachimbaji wote wanakiita metorex, anasoma asilimia, na asilimia yake kila mara ni ndogo kuliko yako. Kisha anakwambia kuwa chini ya kiwango fulani halinunui, ni udongo. Jana kiwango kilikuwa kingine. Gunia ni lile lile, jiwe ni lile lile, lakini mstari umesogezwa, na chakula cha jioni cha watoto wako kimegeuka udongo. Mnunuzi hajakuibia hata punje. Amechagua tu pa kuweka mstari, na mstari ni wake.

Nikamwambia mpwa hayo. Akasema wao wana kanuni, hawaweki mstari kwa macho, na kanuni yenyewe ni ya Quiroga huyo huyo, na wenzake, ya mwaka 2004. Unachukua namba zote bila kujali alama ya kutoa, unatafuta ile iliyo katikati zikipangwa kwa ukubwa, unaigawanya kwa 0.6745. Unapata ukubwa wa kelele. Unazidisha mara nne. Huo ndio mstari.

"Kwa nini msichukue wastani wa kawaida?"

"Kwa sababu mipigo mikubwa ingeuvuta juu, Papa mjomba. Ya katikati haidanganyiki upesi."

Nilikubali kwamba ni kanuni nzuri, tena ya haki kuliko ya depo, kwa sababu angalau imeandikwa. Lakini mara nne? Kwa nini isiwe tatu, au tano? Akafikicha macho. Wengine wanaweka tatu, akasema, wengine tano. Aha! nikasema. Depo.

Kila namba inapovuka mstari, programu inatafuta bonde la wimbi, inarudi nyuma elfu moja ya sekunde, inasogea mbele elfu mbili, inakata. Kwa simu yake hiyo ni namba 132 kwa kila kipande. Vipande vyote vinalaliana juu ya kioo, mabonde yamepangwa sawasawa, mamia ya mistari myembamba, na katikati mstari mnene wa wastani. Ulikuwa mchoro mzuri, sitasema uongo. Mke wangu alipita na sufuria ya bukari, akatazama, akasema ungefaa kwenye kitenge.

Ila mimi ni fundi redio, na macho yangu yaligoma mahali fulani. Kabla ya bonde palikuwa na kinundu. Wimbi lilikuwa linapanda kidogo kwanza, ndipo linazama, kisha linapanda tena.

"Hiki kinundu cha mbele ni cha nini?"

"Ni cha neva, Papa mjomba. Ndivyo ilivyo."

"Umechuja mara ngapi?"

Akanieleza kwa fahari: rekodi imepitishwa kwenye chujio kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ikageuzwa, ikapitishwa tena kutoka mwisho hadi mwanzo, ili wimbi lisichelewe. Nikashika kichwa. Chujio lolote, liwe la kapasita au la kompyuta, hulipa: ukilinyang'anya wimbi sehemu yake ya chini, linarudisha deni kwa kuvimba upande wa pili. Chujio la redio hulipa deni baadaye, kwa kuwa haliwezi kujua kitakachokuja. La kwake, kwa kuwa limepita pande zote mbili, limelipa baadaye na kabla. Jibu limetangulia swali.

Alibisha. Ana haki ya kubisha, amesoma. Nikamwambia atengeneze wimbi bandia kwenye kompyuta, linaloshuka tu na kurudi, halina kinundu popote, alipitishe kwenye chujio lake. Akafanya. Likatoka na vinundu viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Akanyamaza kwa muda ambao sijawahi kumwona akinyamaza tangu azaliwe. Kisha akaanza kutafuta kwenye makala alizokuwa amezihifadhi, akakuta kwamba Quiroga, huyu mtu yuko kila mahali, aliandika mwaka 2009 makala nzima inayouliza umbo halisi la mipigo hii ni lipi, kwa sababu ya machujio. Mpwa alikuwa na makala hiyo muda wote. Hakuwa ameifungua.

Kwa hiyo dawa yake ni hii, na mwenye mguu wa mende nyumbani aisikilize. Chujio litumike kutafuta saa ambazo mpigo umetokea. Ukishazipata hizo saa, rudi kwenye rekodi ghafi, ambayo haijachujwa au imechujwa kidogo sana, ukakate umbo kutoka huko.

"Lakini kwenye ghafi jenereta limo!" akalia.

Limo, ndiyo. Ila mguu wa mende haupigi kwa kufuata kinu cha mihogo. Kipande kimoja kitakuta jenereta linapanda, kingine kitalikuta linashuka; ukichukua wastani wa mamia, jenereta linajimaliza lenyewe na umbo la neva linabaki. Akajaribu. Kinundu cha mbele kikatoweka. Bonde likawa pana kuliko tulivyodhani, na mkia wake ulishuka taratibu badala ya kuruka. Mchoro ulikuwa mbaya zaidi kwa macho na mke wangu hakuutaka kwa kitenge.

Ningeishia hapo kama si treni.

Reli yetu ilifika mwaka 1931, ikaunganisha Katanga na bandari ya Lobito, kupitia Mutshatsha, hapa Kasaji, hadi Dilolo na Angola. Miaka ya 1970 vita vikaikata upande wa pili, na kwa miongo mitatu na zaidi shaba ya Kolwezi haikuelekea tena huko. Mwaka 2018 shehena ya madini ikaanza kupita upya kwenda Lobito. Siku hizi wakubwa wanaiita Ukanda wa Lobito, wanasaini karatasi Washington na Brussels, na sisi tunaisikia ikipita, siku ikipenda kupita.

Ilipita usiku mmoja mguu ukiwa mezani. Hakuna aliyegusa kijiti. Kinu kimezimwa. Spika ikaanza kutoa mikwaruzo midogo midogo, kwanza mmoja mmoja, kisha mfululizo. Mpwa akasema ni pini zimelegea. Tukatazamana. Ndipo, baada ya kitambo, ikasikika kwa mbali: honi.

Mende ana kiungo chini kidogo ya goti cha kuhisi mtikisiko wa ardhi. Wajerumani walikipima tangu miaka ya 1940, wakakuta kinahisi mtikisiko ulio chini ya sehemu moja ya milioni ya milimita. Mguu uliokatwa kwa wembe, uliokaa kwenye kizibo juu ya meza yangu, ulijua treni inakuja kabla ya sisi wenye masikio mawili na vyeti.

Mpwa akarukaruka. Mimi nikamtuliza, maana mikwaruzo hiyo ingeweza kuwa pini zinazotikiswa, na pini ikitikiswa nayo hutoa umeme wake wa uongo. Nimeona redio nyingi zinazolia ukizigonga. Tukaondoa mguu, tukaweka pamba iliyolowa maji ya chumvi, pini zile zile, meza ile ile. Halafu tukasubiri treni nyingine. Hapo ndipo utajua Kasaji: unaweza kukopa barafu, ukanunua mende, ukazima kinu cha jirani kwa kumlipa pombe ya lutuku, lakini treni huwezi kuituma. Mpwa akachelewa kurudi chuoni. Dada yangu akanipigia simu kuuliza nimemfanya nini mwanawe. Hatimaye ikapita. Pamba ikanyamaza, meza ikitetemeka na vikombe vikigongana. Tukarudisha mguu mbichi, tukasubiri tena, na mguu ukaimba.

Kwenye kompyuta mipigo ya treni ilikuwa midogo. Ukiweka mara nne, inaonekana michache. Ukiweka tatu, inajaa, pamoja na uchafu kidogo. Na jambo la kuudhi: ukipima kelele kwenye kipande cha treni peke yake, mipigo midogo ikiwa mingi mno, hata ile namba ya katikati inapanda, na kizingiti kinapanda nayo. Kadiri mguu unavyosema zaidi ndivyo unavyohesabiwa kidogo. Sitarudia habari za depo.

Mpwa ameshaondoka, na juzi akapiga simu. Profesa amependa umbo jipya la wimbi, amelisifia, na katika kazi nimeandikwa "fundi wa hapo kijijini". Kasaji, kijiji! Lakini kipande cha treni amesema kifutwe, ni kelele.

"Kelele?" nikasema. "Mwambie tulisubiri kelele hiyo tangu nikiwa na nywele."

"Anasema labda nilitikisa meza."

"Na pamba je?"

"Anasema anahitaji uthibitisho kwamba treni ilipita saa ile. Wa maandishi. Wenye muhuri, Papa mjomba."

Basi asubuhi nikavaa koti, nikaenda kwa shefu wa mtaa. Alikubali kuandika, kwa ada yake ya muhuri, ambayo ni sawa na mende kumi wa bei mpya. Akachukua kalamu, akaandika tarehe, akaandika saa niliyomtajia, kisha akainua kichwa akaniuliza ni shahidi gani aliyeisikia treni kabla ya honi.

Nikamwambia shahidi yupo, ni mzima, anakaa kwenye kopo jikoni kwangu, na akimtaka nitamleta, ila awe mvumilivu kwa sababu siku hizi anatembea kwa miguu mitano.